Masanduku Mawili Sebuleni kwa Dada

Mtu aliyezaliwa Likoni, Mombasa, kama mimi niliyezaliwa Mtongwe, hufunzwa na kivuko kabla hajafunzwa na mwalimu, na fundisho lenyewe ni hili: kwamba abiria aweza kutoka Nairobi alfajiri, akazipita Voi na Mariakani, akazimaliza zile kilomita karibu 480 bila ya tashwishi yoyote, kisha akafika penye mkono wa bahari ambao akisimama upande huu huziona rangi za leso za wanawake waliosimama upande wa pili, na hapo, ilhali mtaa wake u mbele ya macho yake, akangoja feri hata kivuli chake kikamzunguka. Safari ya intaneti kuja majumbani mwetu ina kivuko kama hicho, nami leo nimeazimia kuzungumza juu yake, si kwa ilimu ya mhandisi, ambayo sina, bali kwa ilimu ya mtu aliyekwama humo alasiri nzima huku jasho likimtiririka mbele ya shemeji yake.

Kwa upande wa bahari hatuna la kulalamikia. Mwezi wa Juni 2009 Rais Mwai Kibaki alikuja Mombasa kuupokea waya wa baharini uitwao TEAMS, uliolazwa chini ya maji kutoka Fujairah, katika Imarati, mwendo wa kilomita karibu 5,000. Mwezi uliofuata ukafunguliwa wa SEACOM, na mwaka wa pili EASSy. Kabla ya hapo ujumbe wetu wa kwenda nchi za mbali ulikuwa ukitegemea setilaiti, nayo imetundikwa juu ya ikweta kiasi cha kilomita 36,000 kutoka ardhini, hata neno likipandishwa na kuteremshwa huchukua robo ya sekunde, na jawabu lake robo nyingine. Ilhali mwangaza upitao katika uzi wa kioo, ambao huenda kilomita 200,000 hivi kwa sekunde moja, huikata bahari baina ya Fujairah na Mombasa kwa sehemu 25 tu za elfu moja ya sekunde. Mababu zetu walikuwa wakielekea pande hizo kwa kusi na kurejea kwa kaskazi, na aliyepeleka salamu mwaka huu alishukuru Mungu akipata jawabu mwaka wa pili. Ajali haikosi, na mwezi wa Februari 2012 meli iliyokuwa ikingojea zamu ya kuingia bandarini ilitia nanga mahali palipokatazwa, nanga ikaukata waya wa TEAMS, na watu wa nchi kadhaa wakaiona intaneti yao ikitambaa kama kobe. Lakini hata hilo lilitengenezwa.

Bali waya wa baharini haufiki sebuleni. Ufikapo pwani hukabidhi mzigo wake kwa nyaya nyingine, na hizo kwa nyingine, hata ikabakia ile hatua ya mwisho kutoka nguzo ya njiani mpaka ukutani kwa mwenye nyumba, na hatua hiyo, katika zama ninazozisimulia, ilikuwa ni waya wa shaba wa simu. Simu za watu wote zilianza Nairobi na Mombasa mwaka wa 1908. Na baada ya kuvunjika Jumuiya ya Afrika ya Mashariki, mwaka wa 1977, waya huo ukawa chini ya Shirika la Posta na Simu la Kenya, ambalo nalo mwaka wa 1999 liligawanywa, posta ikaenda kwake na simu ikaitwa Telkom Kenya. Waya haukujua lolote katika hayo. Ulikuwa ni nyuzi mbili za shaba zilizosokotana, umbo lile lile, kazi ile ile ya kubeba sauti.

Sauti ya binadamu ni mpangaji mdogo sana. Ili mtu asikilizane na mwenziwe kwa simu, yatosha kubeba mitetemo ya kuanzia 300 hivi hadi 3,400 kwa sekunde, na juu ya hapo waya hubakia mtupu, mfano wa nyumba ya ghorofa ambayo mwenyewe analala chini peke yake na vyumba vya juu vyote vimefungwa. Waliobuni DSL, ile intaneti ya waya wa simu, walichofanya ni kuvipangisha vyumba vile vya juu, kuanzia kama kilohezi 25 hata kufika 1,100, ili intaneti ipite juu na mazungumzo yapite chini, katika waya mmoja, kwa wakati mmoja, bila ya mmoja kumkanyaga mwenziwe. Na hapa niwieni radhi nisimame kidogo, maana mtu wa redio hawezi kulipita jambo hili kimya: vyumba vile vya juu vimo ndani yake masafa ya mawimbi ya kati, ambayo huanzia kilohezi 530 hivi, ndiyo yale yale ambayo kwayo sisi tulikuwa tukiisikiliza Sauti ya Kenya tukiwa tumekaa barazani, yaani intaneti ya DSL, ukiitazama vyema, ni redio iliyotiwa ndani ya waya. Na kwa kuwa ni redio, ina udhaifu wa redio. Nyumba ikiwa baidi na mitambo ya simu, kupita kilomita tano hivi, intaneti haiwi tena mto bali tone. Na penye kiungo kilicholiwa na chumvi ya bahari, shaba ikageuka kijani, hata jirani wa mitambo hupata cha kunung'unikia.

Sasa niingie sebuleni. Dada yangu mkubwa ameolewa Changamwe, upande wa Port Reitz, na mumewe ni mtu wa taratibu, aliyeifanyia kazi bandari miaka mingi akihesabu mizigo ya watu, na hata alipostaafu hakuacha kuhesabu. Nyumbani kwao palikuwapo simu ya waya ya rangi ya maziwa, imekalishwa juu ya kitambaa cha kufuma kama bibi harusi, na mwaka wa 2010 simu hiyo ikaongezewa kisanduku kidogo cheusi chenye taa, ndiyo modemu, ambacho kwa kebo moja kiliitia intaneti kompyuta moja. Watoto walikuwa wanne. Basi shemeji akaniita nivuke, nipitie mjini, ninunue hicho kitu kinachotoa waifai, nije nikifunge, nami, kwa kuwa nilikwisha kuona kikifungwa mara moja, nikamwambia, "Kazi ya nusu saa hiyo, shemeji." Nilifika baada ya sala ya adhuhuri. Nilitoka usiku.

La kwanza nililolifanya lilikuwa ni la unadhifu. Baina ya simu na tundu la ukutani palining'inia kidude cheupe, chenye mkia mfupi wa waya, ambacho kwangu mimi kilionekana hakina faida ila kuchafua ukuta. Nikakitoa, nikaichomeka simu moja kwa moja, nikajisifu. Kidude kile, wasikilizaji, ndicho bawabu wa ngazi. Kazi yake ni kuizuia simu isipande ghorofa ya juu na kuizuia intaneti isishuke chini, na mafundi hukiita splita au kichujio. Haukupita muda, shangazi akapiga simu kutoka Kisauni, dada akaunyanyua mkono wa simu, akausogeza mbali na sikio, akasema, "Shangazi leo mbona akaanga samaki?" Ulikuwa ni ule mchakarisho wa intaneti uliomwagika katika simu, na wakati huo huo taa ya modemu, ile iliyoandikwa DSL, iliyokuwa imetulia, ikaanza kupepesa, kisha ikazimika. Sikuhusisha mambo hayo mawili. Shangazi alipiga tena mara tatu, maana ni mtu mwenye mapenzi, na kila alipopiga nami nilianza upya.

Hapa yafaa nieleze khitilafu ya masanduku haya mawili, kwa sababu nimeona watu wazima, wasomi, wakinunua moja wakidhani wamenunua jingine. Modemu ni tarjumani. Jina lenyewe limeungwa kwa vipande vya maneno mawili ya Kizungu, la kugeuza na la kugeuzua, na kazi yake ya asili ndiyo hiyo: huichukua lugha ya kompyuta ikaifanya mitetemo inayoweza kusafiri katika shaba, na ile mitetemo inayorudi ikaifanya lugha ya kompyuta. Na hiyo modemu ndiyo ibishayo hodi kwa kampuni, kwa jina na neno la siri ulivyopewa siku ya kufungiwa waya, katika ukurasa ambao ukiufungua utaona herufi PPPoE. Jina likikosewa hata nukta moja, taa ya DSL itawaka kwa uzuri na intaneti usiione.

Ruta ni jambo jingine kabisa, na mfano wake tunao. Mji wetu haujazoea tarishi wa kugonga mlango kwa mlango. Ukoo mzima huwa na Sanduku la Posta moja, S.L.P. fulani, Mombasa, na barua zote, za babu, za mjukuu na za mpangaji wa uani, zikaingia humo humo, akaenda mzee mmoja na ufunguo, akazileta nyumbani, akagawa: hii yako, hii yako, hii ya yule aliye kazini mwekee. Kampuni ya intaneti nayo aghalabu huipa nyumba anwani moja tu. Ruta ndiyo mzee mwenye ufunguo. Kila kompyuta na kila simu inayoingia nyumbani huipa anwani yake ya ndani, isiyojulikana njiani, na kila ombi linalotoka hulitia katika daftari, ili jawabu likirudi ajue ni la nani. Mtoto mmoja atazama mpira, wa pili ayatafuta majawabu ya hesabu, na daftari haikosei.

Ruta niliyoinunua ilikuwa na matundu matano kwa nyuma, manne ya manjano na moja la buluu, na lile la buluu ndilo la kupokea kutoka kwa modemu, hilo nilijua. Nikaunganisha. Taa zikawaka, waifai ikaonekana, watoto wakapiga makofi, na intaneti haikuwako. Nikifungua brauza kwenye kompyuta na kuandika 192.168.1.1, ambayo ndiyo anwani iliyochapishwa chini ya ruta, mara ukurasa wa ruta hutokea, mara ukurasa wa modemu, mara hautokei wowote. Nikazima, nikawasha. Nikangoja dakika tano kwa saa. Stima nayo ikapotea robo saa, na katika giza lile tukaikuta simu ya dada ingali hai, kwa kuwa simu ile ya waya hula umeme wake, volti 48, kutoka mitambo ya simu na haina habari na stima ya nyumbani. Shangazi akapiga, wakazungumza kwa raha, maana modemu ilikuwa imezimika na hapakuwa na wa kukaanga samaki. Na hapo ndipo nilipopambaukiwa. Nikakitafuta kidude cheupe, nikakikuta mjukuu wao amekifanya gari, nikakirudisha mahali pake.

Stima iliporudi nikafanya kosa lililo kubwa kuliko yote. Nilimwomba dada pini ya ushungi, nikaitia katika kile kitundu kidogo cha nyuma kinachorudisha mambo kama yalivyotoka kiwandani, nikabana nikihesabu hata kumi. Nami niliibana modemu, si ruta. Jina na neno la siri la kampuni vikafutika. Shemeji hakusema kitu. Akainuka, akaingia chumbani, akatoka na mkebe wa biskuti ambao ndani yake zilikuwamo risiti za tangu ujana wake, zimefungwa kwa mpira mwaka kwa mwaka, akaichomoa karatasi ya kampuni bila ya kupekua, akaniwekea mbele yangu, akarudi kukaa. Nimekwisha kusemwa kwa maneno mengi katika maisha yangu, lakini kimya kile ndicho ninachokikumbuka.

Nikaviandika upya jina na neno la siri, na intaneti bado haikuja. Aliyeutegua mtego ni dada. Alikuwa amekaa akimenya vitunguu, naye kwa kuchoka kuniona nimeinama akanitaka nimweleze ni nini hasa kinachozuia. Nikamweleza kwa mfano ule wa sanduku la posta na mzee mwenye ufunguo. Akasikiliza. Akauliza, "Na hiki cheusi cha zamani, ambacho wasema ni tarjumani tu, nacho hakigawi barua?" Nikamwambia, kwa kweli chagawa, maana modemu za siku hizi nyingi zimetiwa ruta ndogo ndani yake. "Basi wazee ni wawili." Naam. "Na hiyo nambari yao?" Nikaitazama karatasi ya chini ya ruta, kisha nikaigeuza modemu nikaitazama ya kwake: 192.168.1.1, na 192.168.1.1. Dada akarudi kwenye vitunguu vyake akisema, "Wazee wawili, jina moja, nyumba moja. Mtoto akiita, aitike nani? Mmoja na abadilishwe jina."

Nikaichomoa kebo ya modemu, nikaifungua ruta peke yake, nikaibadilisha ikawa 192.168.2.1, nikairudishia kebo, na kabla sijasimama mtoto wa tatu akapiga kelele kutoka ukumbini. Mafundi wanaonisikiliza watasema, na watakuwa wamesema kweli, kwamba lililo bora ni kuivua modemu uzee wake kabisa, iwe daraja tupu, na lile jina la kampuni likabidhiwe ruta, ili daftari iwe moja. Kwa sababu madaftari mawili yakifuatana, baadhi ya michezo na kamera za mlangoni husumbuka. Lakini saa ilikuwa imekwisha kupita ya isha, nami pini ya ushungi sikutaka kuiona tena.

Yaliyobakia yalikuwa mepesi, nami nitayapita upesi. Neno la siri la kufungulia ruta, ambalo kwa ruta nyingi za zama zile lilikuja likiwa admin, tulilibadilisha usiku ule ule, na la waifai vilevile, tukachagua ulinzi wa WPA2. Asiyefanya hivyo amenunua kufuli akaacha ufunguo mlangoni. Kuta za matumbawe humeza waifai, kwa hiyo ruta ikapandishwa juu ya kabati, katikati ya nyumba, mbali na friji. Masika yakiingia na radi ikianza, huchomolewa waya wa stima na ule wa simu pia, maana watu wengi huusahau wa pili na radi haiusahau. Na kubwa zaidi, kwa nyumba zetu za Mombasa: kisanduku kisivikwe kitambaa. Dada alikuwa amekwisha kufuma cha kijani, chenye ukingo wa maua, na tulijadiliana juu yake kwa muda mrefu kuliko tulivyojadiliana juu ya anwani. Joto la Machi lawachosha wazima walio chini ya feni, sembuse chombo kisicholala.

Waya wa shaba haukudumu. Shaba ina thamani kwa wauzao vyuma chakavu, na nchi nzima ilikwisha kuona nguzo zikiamka asubuhi zikiwa uchi. Usiku mmoja wakapita njia ya kina dada, na simu ile ya rangi ya maziwa ikanyamaza, ingawa mpaka leo i pale pale juu ya kitambaa chake na hufutwa vumbi kila Ijumaa. Miaka ikapita wakiishi kwa bando za simu za mkononi, kisha mtaani pakaletwa faiba, waya mwembamba mweusi wenye uzi wa kioo ndani, jamaa wa zile nyaya za Fujairah, na akaja fundi kijana na kisanduku kipya cheupe kukitia mahali pa modemu. Shemeji, ambaye hatupi kitu kizima, akamwambia aiache ruta juu ya kabati ilipo. Na fundi hakuona ubaya, kwa kuwa tundu la buluu halijali limeletewa nini, la shaba au la kioo, maadamu tarjumani amekwisha kufanya kazi yake. Akachomeka kebo, akakaa na kompyuta yake magotini, akaandika 192.168.1.1, ikakataa. Akaandika tena. Akaigeuza ruta kutazama chini, karatasi ilikuwa imekwisha kufutika zamani.

"Ni mbili nukta moja, mwanangu," dada akamwitia kutoka jikoni. "Yule mwingine ndiye aliyekuwa moja."